Mawese, Mavi na Mti wa Naserian

Vijana wangu wa Kitengela, mliniomba ukurasa mmoja. Mlikuja kwangu watatu, mkanywa chai yangu yote, na yule mrefu wenu akasema, "Shosho, tuandikie tu page moja ya vile sabuni hupikwa, tubandike kwa ukuta." Niliuandika huo ukurasa siku hiyo hiyo. Nilipousoma nikaona haukutaja mavi ya ng'ombe hata mara moja, nikauchana. Sasa nimeandika nyingi, na kama ukuta hautatosha, jengeni mwingine.

Mimi ni Taaka, mzaliwa wa Busia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimepika sabuni ya mawese katika ile karakana iliyo nje kidogo ya Kitengela, upande wa Kisaju, mnakofanya kazi nyinyi leo. Watu huniita Mama Sabuni. Kuna wakati wakulima wa kwetu waliniita Mama Dawa, na nitawaeleza sababu, ingawa hainipendezi.

Nianze na sufuria. Mwenye karakana, kama mnavyojua, ni Bwana Mutiso, mtu wa Machakos ambaye kabla ya sabuni alikuwa akitunza maabara ya shule ya sekondari. Mutiso hawezi kufunga kamba za viatu bila kuandika utaratibu wake kwanza, yeye anauita "prosija". Siku ya kwanza ya kazi alinipa karatasi. Prosija ya kwanza ilisema: tafuta chombo kikubwa. Haikusema cha nini.

Nilikwenda kwa akina mama wa kanisa, nikaazima ile sufuria yao ya harusi, inayopika wali wa kanisa zima. Ilikuwa ya alumini, inang'aa, na kina mama walikuwa wakiisugua kwa mchanga kila baada ya sherehe. Tukaiweka katikati ya karakana, Mutiso akasoma prosija ya pili, nami nikamimina kostiki soda, ile chumvi kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, iliyokwisha kuchanganywa na maji. Moto ulikuwa haujawashwa, lakini sufuria ikaanza kuchemka. Ikanguruma, ikatoa moshi mweupe, ikatapika povu la kijivu. Mutiso alikimbilia nyuma ya tangi la maji, na kutoka huko akanieleza kwa sauti, kwa Kiingereza safi, ni nini hasa kilichokuwa kikitendeka kikemia. Mimi nilikuwa juu ya meza.

Ilipotulia, kitako kilikuwa kimetobokatoboka. Na Jumamosi ilikuwa ya harusi. Nilijitwika ile sufuria hadi kwa mwenyekiti wa akina mama. Akaipokea, akaiinua, akanitazama kupitia tundu moja. "Mama Sabuni," akasema, na ndiyo siku ya kwanza mtu kuniita hivyo, "hii umeniletea sufuria ama chujio?" Wali wa harusi ile ulipikwa kwenye sufuria ndogo kumi na moja, kila moja na chumvi yake, na hadi leo bwana harusi akiniona sokoni hunisalimu kwa kichwa tu.

Basi andikeni hapa, kwa herufi kubwa. Kostiki na alumini havikutani kamwe. Pipa la chuma, mwiko wa mti. Na kostiki ndiyo humwagwa kwenye maji, pole pole. Ukimwaga maji kwenye kostiki, itakurukia usoni.

Nikija kwenye mafuta, lazima niwaambie habari ya pua yangu. Mutiso aliniajiri kwa ajili ya pua. Kwetu Busia watu wengi walipanda michikichi walipochoka na miwa, na binamu yangu Ouma alikuwa wa kwanza kijijini. Nilikaa sana kwenye mashine yake ya kukamulia. Nikajua kwamba mawese mazuri hunukia boga lililochemshwa, na kwamba tunda likilala siku nne kabla ya kupikwa, mafuta yake huwa na ukali unaopanda nyuma ya koo. Sabuni yake hunuka hata ikikauka. Kwa hivyo lori lilipoleta mapipa kutoka Busia, mimi nilifungua kifuniko, nikapaka tone kwenye kiganja, nikasugua, nikanusa. Nikasema, "Hili ni la mtu aliyekwenda matanga, akaacha matunda ghalani." Dereva alipiga simu kuuliza, na mara nyingi ilikuwa kweli. Watu wakaanza kuja kuniangalia nikinusa. Nami nikavimba kichwa.

Kichwa hicho ndicho kilichonipeleka Busia. Mutiso aliamua kwamba mtu mwenye pua ya namna hiyo anafaa kuwafundisha wakulima. Nikaenda, nimevaa koti, nimebeba daftari. Mengine niliyowaambia yalikuwa sawa. Niliwaambia wasikate mkungu mpaka matunda kadhaa yaanguke yenyewe chini ya mti, na ukikatwa leo upikwe kesho. Niliwaambia mikungu mitupu iliyokwisha kutolewa matunda wasiichome, wairudishe shambani, ioze, ilishe mti. Hayo Ouma alikuwa akiyafanya kabla sijazaliwa kazini, lakini alinyamaza kwa heshima.

Halafu nikafika kwenye maua. Mchikichi una ua la kiume, na ua la kiume likifunguka hunukia utamu kama peremende. Nilisogea, nikaona wadudu wadogo weusi, maelfu, wanatambaa juu ya ua kama watu wa soko la Jumatatu. Nikaruka nyuma. Nikawaambia, kwa sauti ya mtu mwenye daftari, "Hii ni hatari. Pigeni dawa leo."

Ouma akauliza, "Dada, una uhakika? Hawa nimewaona tangu zamani na hawajanikosea."

"Ouma, nani ametoka Nairobi hapa?" nikasema. Wala sikuwa nimetoka Nairobi.

Walipiga dawa. Baada ya miezi sita mikungu ikatoka ikiwa miiba mitupu, na matunda ya kuhesabu kwa vidole. Afisa wa kilimo aliyekuja kuangalia alicheka mpaka akaomba kiti. Wale wadudu ndio hubeba chavua kutoka ua la kiume hadi la kike. Nilikuwa nimeua wakunga wote wa kijiji. Walirudi wenyewe kutoka mashamba ya watu ambao hawakunisikiliza, na mti ukazaa tena, lakini jina la Mama Dawa lilibaki. Nilisononeka sana wakati huo. Ouma hakunikaripia hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa niwajulishe Naserian, kwa maana bila yeye karakana ingekuwa imefungwa na nyinyi mngekuwa mnachimba kokoto.

Naserian ndiye jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mama wa Kimaasai wa rika langu, mwenye ng'ombe zaidi ya arobaini na mbuzi ambao hata yeye hawahesabu. Tulijuana kwa sababu ya mtamba wake mmoja mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Wakati huo tulikuwa tukikata sabuni kwa waya na kuacha vipande vidogo kwenye beseni nje. Mtamba akapitisha kichwa juu ya ua, akala beseni zima, akaenda kunywa maji. Baada ya muda akatokea barabarani anatoa povu mdomoni na puani, mapovu makubwa yanapepea na upepo. Mtu wa bodaboda akapiga kelele kwamba ng'ombe ana kichaa. Maduka yakafungwa. Mwalimu mmoja akawafungia watoto darasani. Mtu akampigia chifu.

Naserian alikuja akitembea pole pole. Akamshika mtamba taya, akanusa, akanigeukia mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya pipa.

"Hii haina wazimu," akasema. "Hii iko na sabuni. Umeosha ng'ombe yangu ndani. Sasa hii ya nje, nani ataosha?"

Niliiosha mimi. Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Akipita asubuhi ananiachia maziwa, mimi nampa vipande vya sabuni. Alinifundisha salamu ya Kimaa ya akina mama. Mmoja anasema "Takwenya", mwingine anajibu "Iko". Ni maneno mawili tu, lakini mimi niliyatamka vibaya kwa miaka, naye alinicheka kwa miaka, na sikuwahi kuchoka kuchekwa naye.

Nikaja kuuharibu urafiki huo kwa mikono yangu.

Tulikuwa tukipika kwa kuni. Muuzaji alizileta kwa lori kutoka huko ndani Kajiado, na mimi ndiye niliyechagua. Nilipenda kuni za mgunga, ule mti ambao Wamaasai huuita oltepesi, kwa kuwa huwaka muda mrefu bila moshi mwingi. Kando ya njia ya kwenda kwa Naserian kulikuwa na oltepesi mmoja mkubwa. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiisha, maganda yake yenye mbegu huanguka, na mbuzi wake walikula hayo wakaishi. Kwenye shina alifunga ndama wanaougua, na kamba ilikuwa imechimba mfereji kuzunguka mti.

Mwaka mmoja Naserian alikwenda mjini Kajiado kumhudumia binti yake aliyejifungua. Shemeji yake akauuza mti kwa yule mtu wa kuni. Lori lilipokuja kwangu, niliona gogo lenye mfereji wa kamba. Niliuona, vijana. Nilijua ni mti gani. Nikajiambia mti umeshakatwa, kuni ni kuni, na pipa linangoja. Nikasema, "Shusha."

Naserian aliporudi alipita moja kwa moja hadi kwenye rundo letu. Lile gogo lilikuwa halijachomwa bado. Akaweka kiganja juu ya ule mfereji, akakiacha hapo kwa muda.

"Takwenya," nikamwambia.

Hakujibu. Akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuna maziwa wala salamu. Nilikuwa na aibu, na badala ya kwenda kuomba msamaha nikaanza kupitia njia ya nyuma. Nilipita huko karibu mwaka mzima, kwenye matope ya ule udongo mweusi wa black cotton yanayovua mtu viatu, ili nisikutane na mwanamke mmoja.

Wakati huo karakana yenyewe ilikuwa mahututi. Viwanda vikubwa vilikuwa vimejaza masoko ya Rongai na Ngong kwa sabuni ya bei ya chini, na miche yetu ilikuwa ikirudi na vumbi. Tulikuwa wanawake tisa pale, karibu wote wa kupanga nyumba, wenye watoto shuleni. Ndipo hoteli za watalii za kule kuelekea mbuga zikasema zitachukua sabuni yetu yote, kwa sharti moja: tuthibitishe kwamba mafuta yetu hayakutokana na msitu uliofyekwa. Maana kuna nchi ambako michikichi imepandwa mahali pa misitu mikubwa, na wageni wao hawataki kunawa mikono kwa msitu. Mutiso alituita, akasema bila prosija yoyote, "Tukikosa hii, nafunga lango mwisho wa mwezi." Wanawake tisa tukatazamana.

Tukajiandaa kama watu wa mtihani. Kila shamba la Busia likachorwa ramani. Kila mkulima akapigwa picha kando ya mti wake, na Ouma akaja amevaa suti ya Pasaka na tai, amekumbatia mchikichi kama anafunga ndoa nao. Wazee wakaandika kwamba hapo palikuwa na miwa, na kabla ya miwa mahindi, hapakuwa na msitu. Hata wale wadudu wakapigwa picha. Mutiso akafungia yote kwenye kitabu kinene.

Fomu ya ukaguzi ya hizo hoteli ilitaka pia jirani mmoja wa kushuhudia uhusiano wetu na jamii. Mutiso hakujua habari ya mti. Yeye aliona mama mwenye shanga nzuri anayeishi karibu, akaenda akamwalika, akarudi anachekelea. "Nimepata jirani," akasema. Aliponitajia jina, niliketi chini.

Siku ikafika. Mkaguzi alikuwa binti wa Nairobi mwenye raba nyeupe, na kufika mlangoni zilikuwa nyeusi na zimenenepa kwa matope. Akasoma kitabu. Akaangalia picha ya Ouma kwa muda mrefu. Akauliza maswali, Mutiso akajibu kwa nambari za kurasa. Mimi nikanusa pipa mbele yake, nikamwambia limetoka kwa nani, naye akapiga makofi. Naserian alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, fimbo magotini.

"Hii ni kazi safi kabisa," mkaguzi akasema. "Niangalie tu mnapopikia, nimalize."

Tukampeleka. Pipa linachemka. Akainama kupiga picha ya povu, akaona moto. Akaona rundo ukutani, magogo yamepangwa hadi dirishani.

"Na hizi?"

"Hizo?" Mutiso akatazama rundo kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. "Hizo ni kuni tu."

"Za mti gani?"

Mutiso akafungua kitabu chake. Nilimhurumia, kwa sababu aliangalia kwenye faharasa. Hapakuwa na kuni.

Mkaguzi akamgeukia Naserian. "Mama, wewe ni jirani. Hawa watu wanatunza msitu?"

Naserian akafikiri. "Ule wa mbali wanatunza sana," akasema. "Hata wako na picha yake." Akainua fimbo, akaielekeza chini ya pipa. "Wangu uliishia pale. Ulipika sabuni."

Pipa peke yake liliendelea kuchemka. Nilitamani lile povu linifunike. Tulikuwa tumehesabu kila mti wa Busia, na mti wa jirani tulikuwa tumeula.

Mkaguzi hakutufukuza. Alitupa miezi mitatu tupate moto mwingine, akirudi na kukuta kuni za mgunga, basi. Alipoondoka, Mutiso alijifungia ofisini siku mbili, akatoka na karatasi. Lori linalotuletea mafuta lilete pia maganda magumu ya kokwa za chikichi, ambayo Ouma na wenzake walikuwa wakiyatupa. Yanawaka vizuri kuliko makaa. Hayo yatatosha nusu. Nusu nyingine ni gesi ya mavi ya ng'ombe, kwenye ule mfuko mrefu mweusi mnaouona nyuma ya karakana. Mfuko alijua kuutengeneza. Mavi hakuwa nayo.

Akaenda kuyaomba. Alivaa koti, akabeba sukari na majani ya chai, akaenda kwa Mzee Parsaloi, mume wa Naserian, kwa sababu ng'ombe ni wa mzee. Mimi nilibeba sukari. Mzee alitupokea kwa furaha. Mutiso akaanza kwa mbali, akasifu ng'ombe, na Mzee akaelewa kwamba mgeni anataka kununua fahali. Akaleta fahali wa kwanza. Mutiso, kwa adabu, akasema ni mzuri. Akaletwa wa pili. Huyo naye mzuri. Tulitazama mafahali saba, vikombe vitatu vya chai kila mtu, na Mutiso anatoka jasho kwenye koti. Hatimaye akafumba macho, akasema, "Mzee, mimi nataka mavi yao."

Mzee Parsaloi aliweka kikombe chini. Alicheka kimya kimya kwanza, mabega tu yanatikisika, kisha kwa sauti, akamwita ndugu yake aje naye asikie.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe ni yangu. Lakini mavi inapaka nyumba, na nyumba anajenga mama. Hiyo kitu mimi sina ruhusa. Umekunywa chai ya bure. Uliza mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akisikiliza. Mutiso akainuka kurekebisha koti. Naserian akamnyamazisha kwa mkono.

"Wewe usikuje," akamwambia. "Nataka akuje huyo mwenye pua."

Masharti yake yalikuwa haya. Kwa miezi mitatu nije kila asubuhi, ng'ombe wakishatoka zizini, nizoe mavi mwenyewe. Si kwa koleo, kwa mikono, vile wanawake wa pale hufanya. Gogo la mti mbichi lisipite tena lango letu. Na kile kisiki cha oltepesi nikizungushie miiba, kwa sababu kilikuwa kimechipua na mbuzi walikuwa wakikimaliza. Hakusema lini ataniwia radhi. Sikuthubutu kuuliza.

Nikaanza. Sitawadanganya kwamba nilikwenda kwa unyenyekevu. Siku ya kwanza nilifunga leso puani, nikavaa glavu za kuoshea vyombo. Naserian akanyoosha mkono, nikazivua, nikampa. Ile pua iliyokuwa ikijua shamba la tunda na siku lililolala sasa ilikuwa imeinama juu ya zizi. Siku ya tatu wanawake wenzangu wa karakana walikuja kunitazama, wakaleta na chai. Siku ya kumi nikateleza, nikakaa. Naserian aliniangalia nikiwa chini, na nikaona mdomo wake unapigana na kicheko, lakini aliushinda.

Kila asubuhi nilisema, "Takwenya." Kila asubuhi hakujibu. Alionyesha kwa fimbo tu: hapa, na pale.

Lakini mikono hujifunza, vijana, na haya ndiyo mlitaka niwafundishe. Mavi ya gesi yawe ya asubuhi hiyo hiyo, yaliyokauka jua likishapanda hayafai kitu. Toa mchanga na majani makavu. Changanya na maji kiasi sawa, ndoo kwa ndoo, ukikoroga mpaka yawe kama uji wa mgonjwa. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa juzi, mavi yake yaache, yataua wale viumbe wadogo wanaotengeneza gesi ndani ya mfuko. Niliposikia habari ya viumbe wadogo nilikumbuka wadudu wa Ouma. Safari hii sikuua hata mmoja. Na nilipofika mwezi wa pili pua yangu ilianza kunieleza mambo: ng'ombe gani amekula nyasi mbichi, yupi ameonja majani ya uzio, ndama yupi tumbo lake si sawa. Siku moja nikamwambia Naserian, "Ile yenye doa jeupe, tumbo imeharibika." Alikwenda kuiangalia, na jioni nikaona ameitenga.

Mfuko ulivimba juma la nne. Mutiso alifungua bomba huku amesimama mbali, mkono tu umenyooshwa, na moto ukawaka rangi ya samawati, hauna moshi. Wanawake tisa tulipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakaja kuuliza kama ni posa.

Mkaguzi alirudi na mabuti. Akakuta magunia ya maganda ya kokwa pale palipokuwa na magogo, na moto wa samawati chini ya pipa. Akainama, akatazama.

"Na hii ni nini?" akauliza.

Naserian alikuwa kwenye ndoo yake ileile. Alijibu kabla Mutiso hajapata ukurasa.

"Hiyo ni mavi tu."

Mkaguzi aliandika. Tukapata kazi ya hoteli, na lango halikufungwa, na ndiyo maana leo mnalo la kufungua asubuhi. Ng'ombe wakihama kwa kiangazi mnategemea maganda zaidi, wakirudi mnarudia mavi. Hayo mnayajua.

Miezi mitatu ya Naserian iliisha siku moja baada ya ukaguzi. Masharti yalikuwa yamekwisha, na Mutiso alikuwa ameshaandika prosija ya zamu ili wengine washike. Nililala nikijua kesho nitaamka kwa wakati wa binadamu. Nikaamka kwa wakati wa ng'ombe. Nikakaa kitandani kidogo, nikajiuliza naenda wapi, halafu nikavaa zile nguo.

Nilipita njia ya mbele. Kwenye kisiki, ndani ya miiba yangu, machipukizi yalikuwa yamefika kiunoni mwangu. Niliingia zizini, nikaanza kuzoa. Nilikuwa nimeinama, mikono imejaa hadi viwiko, nikasikia nyuma yangu:

"Takwenya."

Nilishtuka hivi kwamba kila kitu kilinitoka kichwani. Miaka yote ile ya kufundishwa, jibu moja tu, na sikulipata. Nikasimama wima, mavi yananidondoka, nikasema, "Present, madam."

Naserian alikaa chini pale pale zizini. Alicheka mpaka shanga zikalia, akafuta machozi kwa shuka, akaanza upya. Nami nilisimama vivyo hivyo, mikono mbele, nalia na sijui nijifute na nini.

Alipopata pumzi akanyoosha mkono nimwinue, na mavi yangu yote.

"Ni Iko," akasema. "Sema Iko."

Nikasema.